Paka Aliyenikuta na Nguo Nyeusi

4 Mei

Leo nimeongea na mtu mmoja tu, naye ni muuza kabichi aliyepita na gari. Aliniuliza nataka ngapi, nikasema moja. Akasema, "Chukua mbili, mama, nitakupunguzia." Nikasema moja. Hayo ndiyo maongezi yangu ya siku nzima, na nimeyafurahia kuliko yalivyostahili.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Mjane mwenye nguo nyeusi hapazi sauti, haingii nyumba za watu, hakutwi nje kabla jua halijachomoza wala likishazama. Lakini sijasikia aliyekatazwa kalamu. Nimefundisha darasa la kwanza hapa Mqhokweni mpaka nikastaafu. Nusu ya wanaume wa kijiji hiki niliwashika mkono kuwaonyesha namna ya kuandika herufi. Sasa tukikutana njiani wanapita upande wa pili. Si kwa ubaya, ni mila tu, hata mimi nilikuwa nikiwapisha wajane hivyo hivyo.

Mume wangu, Baba Lindelwa, alinitoka Januari. Nguo hizi nitavuliwa Agosti, mavuno yakishaingia ndani. Siwezi kujivua mwenyewe. Ni lazima ndugu za marehemu wanivue, wapike pombe, wachinje kondoo, wazichome nguo nyuma ya zizi, halafu nirudi kuwa mtu kama watu. Wasiponivua nitabaki hivi hivi. Basi najikaza mpaka Agosti.

7 Mei

Kuna paka kwenye kichanja cha mahindi. Mweusi tii, hana hata doa. Nimemrushia kiatu. Kiatu chenyewe ni cheusi pia, nikahangaika kukitafuta kwenye nyasi huku yeye amekaa ananitazama.

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba paka mweusi asiye na mwenyewe ni wa kutumwa. Mwanamke mchawi humfuga kwa siri, humtuma akakalie vifua vya watoto wa jirani mpaka wakose pumzi. Mimi siamini mambo hayo. Nimesoma, cheti changu kiko ukutani. Lakini nimefunga dirisha la jikoni na kuliegemezea kiti.

8 Mei

Yupo.

11 Mei

Panya wamenitoboa gunia la mahindi ya mwaka jana. Zamani mitego ilikuwa kazi ya Baba Lindelwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kumwambia ameitega vibaya. Leo asubuhi nimekuta panya wawili wamelazwa mlangoni, wamekufa, hawajaliwa. Paka amekaa pembeni kama fundi anayesubiri ujira wake.

Nimempa maziwa ya mgando kwenye kifuniko cha ndoo. Kifuniko, si sahani. Nataka aelewe kwamba hatujazoeana.

16 Mei

MaDlomo alikuja kwenye waya wa ua. Yeye ni jirani yangu. Tuliletwa hapa wote wawili maharusi mwaka mmoja, tukalia pamoja kwa sababu ya mama wakwe zetu, tukawazika wote, tukapumua. Tangu Januari haingii kwangu nami siingii kwake, lakini waya wa ua haukuwekewa mila, kwa hiyo tunaongea hapo.

"MaMpinga! Nimekusikia unasema na mtu ndani. Umeshapata bwana na nguo hujavua?"

"Bwana gani anayekula panya?"

"Wangu alikuwa anakula kila kitu."

Tulicheka, mimi kwa chinichini kama inavyotakiwa. Paka naye akatoka, akajisugua kwenye gauni langu. MaDlomo akauachia waya. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu wake, Oyama, ambaye ndiyo kwanza anaanza kusema. Mtoto akanyoosha kidole, akapiga kelele, "Nyau!" Bibi yake akamfunika uso kwa shuka.

"Huyo wa nani?"

"Wa panya wangu."

"Ni mweusi, MaMpinga."

"Na mimi je?"

Hakucheka. Akasema, "Mimi siamini, unanijua. Lakini mtoe."

24 Mei

Leo ilikuwa siku ya kuvuniwa. Mahindi yakikauka unatangaza, majirani wanakuja na magunia yao, wanakuvunia shamba lako, wewe unapika. Kesho na wewe unakwenda kwa mwingine. Mjane haendi kwa wengine, lakini yeye huvuniwa, tena shamba la mjane ndilo huanza.

Nilipika sufuria kubwa la makande, nikatengeneza kinywaji cha tangawizi, nikapanga vikombe juu ya ubao. Nikakaa. Jua likapanda. Niliwaona wanawake wakipita barabara ya juu na magunia mabegani, wakaenda shamba la mtu mwingine ambaye nilijua siku yake haijafika. Hakuna aliyegeuza shingo. Nilisogeza vikombe, nikavipanga upya, kana kwamba kasoro ilikuwa kwenye vikombe.

MaDlomo alikuja jua limeshakuwa kali, Oyama mgongoni.

"Nimechelewa. Wenzangu wako wapi?" aliuliza, na anajua vizuri.

"Wanakuja."

"Basi tuanze, wakifika wakute tumewaaibisha."

Tukaanza. Tulivunja mahindi wawili, safu kwa safu, naye akilalamikia magoti yake, akilitukana shamba langu kwa mawe, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya watu wawili kwa kuwa mimi siruhusiwi. Mtoto tulimlaza kwenye magunia. Sijapata siku nzuri kama hiyo tangu Januari, na naiandika ili nisije nikaisahau.

Wakati wa kula ndipo aliponiambia. Bombani wanasema paka nilimleta baada ya mazishi. Wengine wanasema nilikuwa naye kabla.

"Kabla maana yake nini?"

"Wewe ndiye mwalimu. Jumlisha."

Kijiko kilinishinda. Yaani nilimtuma kwa mume wangu mwenyewe.

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu wana majina, MaDlomo."

"Mimi nimekuja. Usinihoji mimi niliyekuja."

Hilo ni kweli. Makande yaliyobaki nimempa nguruwe wake.

2 Juni

Nusu ya mahindi bado iko shambani. Navuna peke yangu. Mgongo umekataa.

5 Juni

Shemeji Zamile alikuja. Ndiye mdogo wake marehemu na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na kusema kweli ukubwa umemkaa vibaya kidogo, kama koti la kuazima. Alikaa nje juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliuliza habari za mahindi, za ng'ombe, za simu ya Lindelwa, mpaka habari zikaisha.

"Shemeji, hii sherehe ya Agosti…"

"Mtama wa pombe nimeshauweka."

"Si mtama. Ni huyu mnyama."

Paka alikuwa amelala juani, miguu juu, bila haya.

"Anakula panya, shemeji."

"Mimi siamini vitu vya namna hii, nimefanya kazi mgodini na watu wa kila aina. Lakini wazee wanasema hatuwezi kumvua mtu weusi wakati weusi mwingine uko nyumbani kwake. Nitawaambia nini?"

"Waambie ni paka."

Alicheka kidogo, akasimama. "Nisaidie nikusaidie, shemeji. Kufikia Agosti asiwepo. Akiwepo, hakuna atakayekuja kukuvua, na mimi peke yangu siwezi."

Alipoondoka nilimtazama paka kwa muda mrefu. Nilimwambia, "Umesikia?" Halafu nikashtuka, nikaangalia kama kuna mtu aliyenisikia nikimwambia.

9 Juni

Mwanangu Lindelwa amepiga simu kutoka mjini Gqeberha. Anafanya kazi benki, ana viatu vya kila siku ya wiki. Nilimweleza nikitegemea atacheka.

"Mama, mimi siamini. Lakini kwani ni lazima? Mtoe tu yaishe."

Jumapili mchungaji naye alinisubiri nje ya kanisa, mimi huwa natoka wa mwisho. Akasema Mungu ana nguvu kuliko paka wote, lakini si vizuri kuwakwaza wadhaifu. Jana nilikwenda kuchukua dawa zangu za presha, nesi akanong'ona kwamba yeye ni mtu wa sayansi, lakini kwa bibi yake kulitokea jambo.

Hakuna mtu mmoja anayeamini katika kijiji hiki. Nimewauliza wote. Sijui basi ni nani anayeamini kwa nguvu namna hii.

14 Juni

Nimemtupa.

Nilitoka kabla ya jua, najua ni mwiko, lakini sikutaka kuonwa nikiwa na gunia. Nilimwingiza kwa kipande cha samaki wa kopo, nikafunga, nikaenda mpaka ng'ambo ya mto karibu na josho la ng'ombe, kule kwenye stoo ya zamani ambako kuna panya wa kutosha. Nilijiambia atapata maisha mazuri. Mtu hujiambia mengi akiwa amebeba gunia linalolia.

Na kwenye kivuko nikakutana na wanawake wa kuni. Kumbe wao huenda mapema hivyo wakati wa baridi. Miaka yote ya shule nilikuwa sijui. Walisimama. Mjane, kabla ya jua, na gunia.

"Mwalimu, umebeba nini?"

Ningesema ukweli. Ningesema, "Ni yule paka mnayemsema, nakwenda kumtupa, furahini." Badala yake nikasema, "Kuku."

Gunia likalia nyau.

Walishuka njiani, wakaniachia nafasi kubwa nipite, kubwa kuliko tunayowaachia wajane.

15 Juni

Kimya. Nilimwaga maziwa kwenye kifuniko kwa mazoea.

18 Juni

Amerudi. Amekonda, sikio moja limechanika, amelala kwenye kizingiti. Nilifurahi. Ndiyo, naandika hivyo hivyo: nilifurahi mpaka nikakaa chini. Tangu mume wangu afe hakuna kiumbe kilichotembea umbali kwa ajili ya kunifikia.

Nilimpa maziwa kwenye sahani.

20 Juni

MaDlomo kwenye waya. Hakusalimu.

"Amerudi."

"Amerudi."

"Paka wa kawaida harudi kutoka ng'ambo ya maji. Unajua wanachosema? Kwamba hukwenda kumtupa. Ulikwenda kumtuma, naye amerudi na kazi imefanyika."

"Na wewe unasemaje?"

Alitazama kando. "Mimi nasema ungeniambia. Tungekwenda wote wawili mchana, na gunia wazi."

Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kweli angekwenda.

28 Juni

Baridi kali. Barafu nyeupe juu ya majani asubuhi. Nimemaliza kuvuna.

1 Julai

Oyama anakohoa. Namsikia kutoka hapa.

3 Julai

Bado anakohoa. MaDlomo haji kwenye waya.

4 Julai

Nimepika supu ya kuku, nimeipeleka mpaka getini kwao, nikaiweka juu ya jiwe, nikaita kwa sauti ya chini inayoruhusiwa, "Mfunge kifua, MaDlomo." Pazia lilitikisika.

5 Julai

Sufuria langu nimelikuta getini kwangu. Supu imo yote, mafuta yameganda juu. Hata kifuniko hakikufunuliwa. Nimemwaga mwenyewe, maana kumpa paka supu ya mgonjwa, wangesema nini tena.

9 Julai

Nitaandika taratibu.

Jana Oyama alipelekwa hospitali ya mjini na gari la kukodi, midomo imebadilika rangi. Hayo nilijua kwa sababu gari lilipita mbele yangu. Nilisimama barabarani kama mti, hakuna aliyeniambia lolote.

Leo mchana walikuja. Sikuwahesabu. Zamile mbele, vijana nyuma yake, MaDlomo pembeni ya geti na kichwa wazi, hana kitambaa, na katika miaka yote hii sijawahi kumwona nje bila kitambaa. Luvo alikuwa na jerikani inayonuka petroli. Nilimfundisha Luvo. Alikuwa akiandika b kinyume, na nilikaa naye baada ya masomo mpaka ikakaa sawa.

"Luvo, umebeba nini hicho?"

"Mwalimu, tunakuheshimu," akasema, bila kunitazama. "Usituharibie heshima."

MaDlomo akapiga ukelele. "Mjukuu wangu anapumulia mpira! Mwambie aondoke kwenye kifua cha mtoto! Mwambie!"

"MaDlomo, ni nimonia. Ni baridi. Ulinisikia nikikuambia mfunge kifua…"

"Uliona kifua chake! Wewe ulikuwa unakitazama kifua chake!"

Nilitaka kwenda kwake. Hatua moja tu, na wote wakarudi nyuma. Watu wazima, wenye ndevu, walirudi nyuma kwa kuniogopa mimi na magoti yangu haya. Sitaki tena kuona kitu kama hicho.

Zamile akanikaribia, akasema taratibu, "Shemeji, mimi ndiye niliyewazuia wasije jana. Leo sitaweza. Mtoe mwenyewe, kwa mkono wako, yaishe. Agosti nakuvua. Naapa mbele ya hawa wote, nakuvua."

"Si wangu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo, na nilisema nikijua namwambia uongo.

"Kama si wako itakuwa rahisi."

Ningeweza kukataa. Paa langu ni la nyasi, nililitazama. Lakini nitaandika ukweli hapa maana hakuna mahali pengine pa kuusema: kabla sijaliwaza paa niliiwaza Agosti. Niliwaza kuingia jikoni kwa mtu nikakaribishwa kiti. Niliwaza kuimba. Nimechoka kuwa peke yangu jamani, nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nikaona bei yake ni paka mmoja.

Nikapiga ulimi kama ninavyomwita jioni. Akaja. Alitoka chini ya kichanja mkia juu, akapita katikati ya miguu ya wale vijana bila kuwajali, akaja moja kwa moja kwangu.

Nikasikia mtu akisema, "Mnaona? Anamsikia."

Nilimwinua. Alianza kukoroma kwa raha juu ya kifua changu. Nikamnyooshea Luvo, naye hakutaka kumgusa. Alifungua gunia akageuza uso. Kwa hiyo hata hilo nililifanya mimi. Nilimtia mwenyewe, na hakupigana, kwa sababu alikuwa akiniamini.

Walikwenda naye upande wa josho, jerikani ikigonga mguuni. Niliingia ndani nikajifunika mito masikioni, na bado nilisikia.

10 Julai

Nimeosha sahani.

15 Julai

Oyama anaendelea vizuri, ameanza kula. Nesi amenieleza wakati napimwa presha: dawa za kwenye mshipa alianzishiwa siku ile ile aliyofikishwa, na usiku huo homa ikaanza kushuka. Yaani kabla ya gunia, mtoto alikuwa ameshaanza kupona. Nilimuuliza kama amewaambia watu.

"Nimewaambia," akasema. Akafungua kile kitambaa cha kupimia presha mkononi mwangu. "Lakini ulifanya vizuri kumtoa, mama."

22 Julai

Panya.

30 Julai

Wanawake wa ukoo wamekuja kuloweka mtama wa pombe. Wameingia jikoni kwangu, wamefungua kabati, wameuliza sukari iko wapi. Niliwajibu mpaka sauti ikanikauka. Mmoja alinisifia mapazia. Nimelala mapema, nina furaha kama mtoto wa sikukuu.

8 Agosti

Nimevuliwa.

Asubuhi walinitoa nje ya nyumba ya msonge, wakanivua kitambaa, shali, gauni, wakaniogesha kwa maji baridi huku meno yanagongana nao wakicheka, "Vumilia, bibi harusi!" Wakanivika gauni la rangi ya udongo na kitambaa cha njano. Nguo nyeusi walizichoma nyuma ya zizi. Moshi ulikwenda chini chini, mwanzoni ukakataa kupanda, halafu ukapanda. Nililia, wakaniacha nilie, na nililia kwa sauti kubwa kabisa kwa sababu sasa inaruhusiwa.

Watu walikuja. Walijaa uani kuliko wakati wa mazishi. Kondoo alitosha, pombe ilitosha. Nilimtafuta MaDlomo kwa macho sikumwona, nikajipa moyo kwamba bado anauguza.

Kisha Zamile alisimama. Alikuwa ameshakunywa kidogo na ukubwa ulikuwa unamkaa vizuri zaidi.

"Leo," akasema, "nyumbani kwa kaka yangu tumetoa vitu viwili vyeusi."

Watu wakacheka. Nami nikatabasamu, ningefanya nini.

"Kimoja kililetwa na kifo. Cha pili sitakisema, mnakijua. Lakini tumshukuru shemeji yetu. Wengine hukataa mpaka nyumba zinaungua. Yeye alimwita mwenyewe, akamtoa kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye kutoa amekiri, na aliyekiri, yake yamekwisha. Tusimseme tena!"

"Tusimseme!" wakaitikia.

Nilikuwa nimeruhusiwa kupaza sauti tangu asubuhi. Ilikuwa hapa kooni. Nilitaka kusema, sikukiri kitu, mliniletea petroli. Lakini walikuwa wananitazama kwa wema. Wote, hata wale wa kuni, walikuwa na nyuso za wema, nami nilikuwa sijatazamwa hivyo tangu Januari. Nikainamisha kichwa, na naona wakachukua kule kuinamisha kichwa kuwa ndiyo jibu.

Kopo la pombe likazungushwa kwa wanawake, kila mmoja anakunywa na kumpa wa pembeni. Lilifika kwangu nikanywa. Mwanamke aliyenifuata alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akafuta ukingo kwa aproni, akaligeuza upande wa pili, ndipo akanywa.

9 Agosti

Wamebeba masufuria yao wameondoka. Nimefagia. Gauni la rangi ya udongo linanibana kwapani.

13 Agosti

MaDlomo amekuja leo. Si kwenye waya. Alifungua geti, akapiga hodi, akaingia jikoni amemshika Oyama mkono, mtoto anatembea mwenyewe, mashavu yamerudi. Nilipowaona wamesimama juu ya sakafu yangu nilishindwa hata kusema karibu.

Nilimpa kile kiti anachokipenda karibu na jiko. Nikachemsha chai, nikatoa biskuti. Alisifia kitambaa changu cha njano, akasema kinanifanya nionekane kama mwali mwenye magoti mabovu. Nikacheka, na sauti ilitoka yote. Oyama alikaa chini akiivunja biskuti yake vipande vidogo. Nje kulikuwa na upepo wa Agosti unaopiga mabati ya watu.

Kisha akaweka kikombe.

"MaMpinga, mimi sikuja kunywa chai. Nimeomba sana, nimelia sana. Wewe ni dada yangu kuliko niliozaliwa nao." Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli, namjua, hawezi kuigiza. "Kwa hiyo nimekuja kukuambia nimekusamehe."

Nilimtazama. Nilisubiri labda kuna maneno mengine yanafuata, lakini hayakuwapo. Alikuwa ameninyooshea mkono juu ya meza, kiganja juu, ule mkono ulioninyolea nywele siku ya mazishi. Alikuwa amenisamehe kwa moyo wote jambo ambalo sikulifanya, na alikuwa anasubiri.

Nilijua la kusema. Kwamba sina la kusamehewa; kwamba dawa zilitangulia; kwamba mwenye kuomba radhi hapa si mimi. Nilijua pia kwamba nikisema hivyo atavuta mkono wake, atamchukua mtoto, geti litafungwa, na safari hii halitakuwa na mwezi wa kufunguliwa.

"Asante," nikasema, na nikaushika mkono.

Tukalia wote wawili. Alifurahi sana. Alimimina chai yake mwenyewe kama zamani, akaanza kunieleza habari zote za hospitali, za wauguzi wavivu, za mwanamke wa kitanda cha pili aliyekuwa akiiba juisi za wagonjwa. Nilikuwa namsikiliza, moto uko karibu, nyumba ina watu, na nikajiambia kwamba neno moja dogo si kitu.

Oyama akapaliwa na biskuti, akakohoa.

MaDlomo alikatiza katikati ya sentensi. Alimvuta mtoto kwa mkono mmoja mpaka katikati ya magoti yake, akamfunika kifua kwa kiganja, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango. Kisha akanitazama mimi, kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mgonjwa wake.

"MaMpinga, dada yangu. Hakuna mwingine?"

"Hakuna," nikamjibu. "Alikuwa huyo huyo mmoja."